Kabla hujalipia kozi hiyo: barua kwa mdogo wangu Pangani

Milton Keynes, Uingereza

Mdogo wangu mpendwa,

Asalaam aleikum. Sisi huku wazima, mimi na wifi yako na watoto, tunamshukuru Mungu. Wasiwasi wetu ni juu yenu huko. Mama ameniambia mguu umeacha kuvimba, nimefurahi mno. Mwambie dawa asiikatize kwa sababu tu amepata nafuu.

Ama baada ya salamu, nimesikiliza ujumbe wako wa sauti wote, hadi ule wa mwisho uliokatika bando lilipoisha. Unataka nikutumie laki tatu na nusu ulipie kozi ya ujasiriamali ya mtandaoni kwa ajili ya biashara yako ya sabuni, wiki sita, mwisho wake cheti. Nakujibu wazi kama kaka yako: fedha nitatuma, lakini si za kozi hiyo. Tafadhali soma barua yote kabla hujakasirika. Sikukatazi kusoma, nataka usome sana. Ila sioni sababu ya kulipia laki tatu na nusu kitu ambacho kipo bure, na cha bure kikiwa bora kuliko cha kulipia.

Lile tangazo ulilonitumia nimelisoma mara mbili. Linaahidi siri za mafanikio, fikra za matajiri na njia za kupata mtaji. Hakuna somo la kupanga bei. Hakuna linaloeleza mwanafunzi akimaliza ataweza kufanya nini ambacho leo hawezi. Mwalimu mwenyewe hajasema amewahi kuendesha biashara gani. Kwa kozi yoyote, ya bure au ya kulipia, anza na maswali hayo kabla hujauliza habari za cheti. Mteja wa sabuni hataki kuona cheti chako.

Mji huu ninaoishi ndipo yalipo makao ya Open University, chuo kilichoanzishwa mwaka 1969 kwa ajili ya watu wanaosoma huku wakifanya kazi. Tangu mwaka 2006 wana mtandao wao wa masomo ya bure unaoitwa OpenLearn. Uzuri wake kwako ni kwamba somo unaweza kulipakua lote kama kitabu, ukalisoma usiku bila kula bando. Kuna pia HP LIFE, ya wakfu wa kampuni ya HP, yenye masomo mafupi ya biashara ndogo: kupanga bei, faida na hasara, mzunguko wa fedha. Nayo ni bure. Ukija kutaka kozi za vyuo vikuu, Coursera hutoza ada ya cheti, lakini kwa kozi nyingi wana utaratibu wa kuomba msaada wa ada ukieleza hali yako. Hizo tuziache kwanza, hujazihitaji.

Nakuambia uziache kwa sababu kozi za mtandaoni zinaanzwa na wengi na kumalizwa na wachache. Vyuo vikuu vya Harvard na MIT vya Marekani vilipofungua kozi zao 17 za kwanza kati ya mwaka 2012 na 2013, usajili wa kozi zote ulizidi 841,000. Vyeti vilivyopatikana vilikuwa kama 43,000. Ni kweli wengine waliingia kuchungulia tu, hawakuwa na nia ya kumaliza. Hata hivyo, mtu mwenye biashara, mama wa kuuguza na watoto wawili wa shule hapaswi kuanza na kozi ya miezi mitatu. Aanze na swali moja linalomsumbua, atafute somo la saa moja linalolijibu, kisha abadilishe kitu dukani kabla hajafungua somo lingine.

Swali lako nimeshalisikia. Umesema, "Kaka, sabuni zinauzika lakini fedha siioni." Basi hapo ndipo pa kuanzia. Juzi nilikaa na somo la kupanga bei la HP LIFE, daftari pembeni, nikaingiza namba zako mwenyewe kwa bei ulizonitajia.

Mchanganyiko wako ni mafuta ya nazi gramu 600 na mawese gramu 400. Unapata vipande 13 vya gramu 100 vikishakauka. Unavyohesabu wewe: mawese 2,000, kostiki (ile soda kali inayogeuza mafuta kuwa sabuni) 790, manukato 1,500, karatasi na lebo 150 kwa kila kipande, jumla 1,950. Yote ni shilingi 6,240, yaani 480 kwa kipande. Unauza 1,000, kwa hiyo unaona faida ya 520. Katika hesabu hiyo mafuta ya nazi hayamo. Hayamo kwa sababu nazi ni za shamba la marehemu baba na mafuta unakamua mwenyewe na Mama uani.

Lakini hayo mafuta yana bei, mdogo wangu. Hapo hapo Pangani kilo unaiuza 10,000, na majirani wanakuja kuigombea. Gramu 600 ni shilingi 6,000. Ukiziweka kwenye hesabu, gharama inakuwa 12,240, kila kipande kinakugharimu 942, na faida yako ni shilingi 58. Sijagusa nauli ya kupeleka Tanga mjini, wala jasho lako. Kwa maneno mengine, ungeuza yale mafuta yalivyo, ungepata 6,000 siku hiyo hiyo. Ukiyageuza sabuni unapata 6,760 baada ya kuchanganya, kukata, kungoja wiki nne, kufunga na kutembeza. Kazi yote hiyo inakulipa shilingi 760.

Nilipoiona namba hiyo iliniuma. Nimekumbuka mikono yako ilivyo, na namna unavyoamka kabla ya adhana ya alfajiri. Hukosi bidii wala hukosi wateja. Tatizo liko kwenye bei na kwenye vipimo, na yote mawili unaweza kuyashika wewe mwenyewe bila kumlipa mtu.

Nianze na vipimo. Kila mafuta yana kiwango chake cha kostiki: gramu moja ya mafuta ya nazi hutaka kama gramu 0.183, ya mawese kama 0.142. Zidisha, jumlisha, utapata gramu 166 na ushei kwa mchanganyiko wako. Watengenezaji hupunguza asilimia 5, ili mafuta kidogo yabaki bila kugeuka na sabuni isikaushe ngozi. Unabaki na gramu 158. Wewe unapima kwa kikombe cha chai, na ndiyo maana awamu moja inatoka laini na nyingine inababua mikono hadi shangazi akarudisha zake. Ukigeuza mchanganyiko ukawa nazi 400 na mawese 600, mafuta yanashuka kutoka shilingi 8,000 hadi 7,000, na kostiki unaishusha hadi kama gramu 150. Povu litapungua kidogo. Jaribu awamu ndogo, uwape wateja wako wa Mwera waoshee wiki nzima, usikilize watasema nini.

Hapa sasa unisikilize vizuri zaidi, maana ni jambo la uhai. Masomo mengi ya sabuni ya mtandaoni yametengenezwa na watu wa Ulaya na Marekani. Wao wakisema "sufuria" mara nyingi wanamaanisha ya chuma cha pua. Sufuria zetu ni za alumini, na alumini ikikutana na kostiki huchemka, huliwa, na hutoa hewa ya haidrojeni, ambayo hushika moto. Mwalimu wa video huenda asikuonye. Tumia ndoo ya plastiki nzito au chombo cha chuma cha pua. Siku zote mimina kostiki ndani ya maji, polepole. Usimimine maji juu ya kostiki hata siku moja, yatakurukia usoni. Fanyia uani penye hewa, watoto wakiwa mbali, miwani machoni na glavu mikononi.

Na kwenye mambo mengine ujue kupambanua hivyo hivyo. Somo la mauzo litakufundisha kufungua duka Etsy, soko la mtandaoni, na kutuma vifurushi kwa posta ya huku. Yaruke hayo, wewe una Lipa Namba na makondakta wa mabasi ya Tanga. Somo la kukausha litasema wiki nne hadi sita, lakini hewa yetu ya pwani ina unyevu mwingi. Sabuni hubaki na gliserini inayovuta unyevu, kwa hiyo masika yakiingia zako zitatoka jasho. Zipange juu ya chanja penye upepo, zisigusane, na usizifunge kwenye nailoni mapema.

Kuna utafiti mmoja nimeupenda sana, uliochapishwa mwaka 2017 katika jarida la Science. Ulifanyika Lomé, Togo, kwa wafanyabiashara wadogo 1,500. Wengine walifundishwa biashara kama inavyofundishwa kila mahali, wengine walifundishwa kujituma: kuanza jambo kabla ya kusukumwa, kutafuta wateja ambao mwenzako hajawafikia, kujiandaa kwa vikwazo mapema. Kundi la tatu halikufundishwa kitu. Katika miaka miwili iliyofuata, faida ya wale wa kujituma ilizidi kwa asilimia 30 ukilinganisha na wasiofundishwa. Kundi la mafunzo ya kawaida lilizidi kwa asilimia 11, kiasi ambacho watafiti hawakuweza kuthibitisha kuwa kimeletwa na mafunzo. Wale walifundishwa darasani, ana kwa ana, na ndiyo sababu nakusisitizia: ukisoma peke yako kwenye simu hakuna wa kukusukuma, lazima ujisukume mwenyewe utoke nje.

Kwako kutoka nje maana yake ni kuvuka kivuko uende Ushongo. Kule kuna hoteli za ufukweni, na kila chumba kina sabuni. Usiende na mzigo wa kuuza. Nenda na vipande vichache na daftari, umwombe msimamizi akwambie wananunua wapi sasa, wanataka uzito gani, wanapenda manukato au la, wanalipa baada ya siku ngapi. Hoteli ikitaka kipande kidogo cha gramu 30 kisicho na manukato, umepunguza gharama, na ukiwa na mteja huyo hata bei ya kipande kikubwa utaweza kujaribu kuipandisha kwa wengine. Ila swali la malipo usilisahau, maana hoteli inayolipa baada ya miezi miwili itakumalizia mtaji.

Fedha za sabuni na za nyumbani zitenge leo hii, makopo mawili au laini mbili za simu, upendavyo. Ukitaka kununua unga, jilipe kwanza mshahara, hata kama ni mdogo, uuandike, ndipo ununue kwa mshahara huo.

Halafu uende SIDO, shirika la serikali la kuendeleza viwanda vidogo; ofisi ya mkoa iko Tanga. Shirika hilo lipo tangu mwaka 1973 kwa ajili ya watu kama wewe. Wana mafunzo ya ana kwa ana na mtu wa kumuuliza, jambo ambalo simu haina. Mjasiriamali mdogo akipata barua yao ya utambulisho, anaweza kupata nafuu ya ada ya alama ya ubora kutoka TBS, shirika la viwango. Waulize masharti yalivyo sasa kwa upande wa sabuni, uandike. Mambo ya msimbo wa mistari (barcode) unaotakiwa na maduka makubwa, ule ambao namba yake kwa Tanzania huanza na 620, tutayazungumza duka kubwa likikuita.

Najua utasema Kiingereza. Binti wa dada yupo kidato cha nne na hesabu anaziweza. Kaa naye Jumamosi jioni, yeye asome, wewe ueleze kwa namna ya sabuni, nyote mtafaidika. Masomo mawili ya OpenLearn nimeshayapakua, nitayatuma WhatsApp kama faili. Video ziangalie kwa ubora wa chini kabisa, sauti ndiyo unayoihitaji.

Kwenye zile laki tatu na nusu natuma laki moja na elfu themanini. Nunua mizani ya kidijitali inayosoma gramu moja moja, miwani ya kinga, glavu nzito, ndoo mbili na daftari kubwa lenye mistari. Kinachobaki ni bando na nauli ya Ushongo na Tanga. Zilizosalia ninakuwekea. Ukinitumia picha za kurasa za daftari kwa mwezi mzima, mauzo na gharama, hata kama zinaonyesha hasara, tutakaa kwenye simu tuamue zinunue nini. Nikipata shifti za usiku wiki hii nitakuwa nyumbani mchana, nipigie baada ya adhuhuri ya huko.

Wasalimie Mama, shangazi, mama mkubwa wa Bweni na watoto wote. Mwambie shemeji chanja la kukaushia alipigilie mapema, mvua zisimkute.

Wabillahi taufiq,

Kaka yako