Lalibela: picha ni nzuri, maelezo yake yana kasoro

Mhariri,

Kila Januari, Waorthodoksi wa Ethiopia wanaposherehekea Krismasi yao tarehe 7, magazeti yetu huchapa picha ileile: kanisa lenye umbo la msalaba lililozama ndani ya shimo, na chini yake mstari mmoja usemao ni "kanisa lililojengwa na Mfalme Lalibela". Naomba nafasi nizungumzie neno hilo "lililojengwa", kwa sababu linamficha msomaji mambo mawili makubwa: namna kanisa lile lilivyopatikana, na sababu ya makanisa ya pale kuharibika.

Halikujengwa. Hakuna jiwe lililopandishwa juu ya jingine, hakuna chokaa iliyokorogwa, hakuna boriti. Ni mwamba mmoja uliochongwa kuanzia paa kushuka hadi msingi, ukabaki umeshikana na ardhi kwa chini tu.

Mji wa Lalibela, zamani ukiitwa Roha, uko katika milima ya Lasta, kwenye kimo cha mita 2,500 hivi, kilomita zipatazo 645 kutoka Addis Ababa. Makanisa yake ni 11. Matano yako upande wa kaskazini wa mfereji uitwao Yordanos, yaani Mto Yordani: Biete Medhane Alem, Biete Mariam, Biete Maskal, Biete Denagel na Biete Golgotha Mikael. Mengine matano yako ng'ambo: Biete Amanuel, Biete Merkorios, Biete Abba Libanos, Biete Gabriel Rafael na Biete Lehem. La 11, Biete Giyorgis, limesimama peke yake, na ndilo la kwenye picha. (Biete ni nyumba, anayejua "bait" ya Kiarabu ataona undugu.)

Tulitazame hilo Giyorgis kama fundi anavyolitazama. Kwanza ulichimbwa mtaro kuzunguka pande zote, likabaki bonge la mwamba katikati. Urefu, upana na kimo cha bonge hilo vinakaribiana: kama mita 12 kila upande. Anayechonga kwa kushuka hahitaji jukwaa la miti, maana anasimama juu ya mwamba ambao bado hajaukata. Paa ndilo linalotangulia, na juu yake imechongwa misalaba mitatu, mmoja ndani ya mwingine. Hufuata madirisha ya juu, kisha kuta, kisha milango. Ndani nako ni hivyohivyo: dari kwanza, nguzo na matao baadaye, sakafu mwisho.

Kazi ya namna hii haina nafasi ya kujirekebisha. Mwashi akikosea tofali hulitoa akaweka jingine. Mchongaji akikata mahali palipotakiwa kubaki nguzo, hana cha kurudisha. Kwa hiyo kabla ya tindo la kwanza kugonga paa, mtu alikuwa tayari anajua nguzo zitasimama wapi, mita kadhaa chini ya miguu yake, ndani ya jiwe ambalo hakuna aliyeliona ndani. Hapo ndipo penye ustadi wa kustaajabisha, na neno "lililojengwa" halituonyeshi hata chembe yake.

Kuna jambo jingine linalopendeza kwa wapenzi wa majengo. Mafundi hawa walichonga jiwe liige mbao. Tazameni Biete Amanuel: kuta zake zina mikanda inayotokeza na kuingia ndani kwa zamu, na pembe za madirisha zina vipande vya mraba vilivyochomoza kama vichwa vya boriti. Ni nakala ya ujenzi wa Aksum, ufalme wa kale wa kaskazini mwa Ethiopia, ambako tabaka la mawe lilifuatwa na tabaka la magogo. Asili yake bado inaonekana milimani si mbali na Lalibela, katika kanisa la Yemrehanna Kristos lililojengwa ndani ya pango. Lile kweli limejengwa: mbao nyeusi, kisha mawe yaliyopakwa plasta nyeupe, kisha mbao tena, hadi juu. Ukiyaona yote mawili huna haja ya kuelezwa kazi hii ilitoka utamaduni gani.

Nasema hivyo kwa sababu lile dai la kwamba makanisa haya ni kazi ya mashujaa wa Kizungu wa vita vya msalaba bado linazunguka, hata kwa Kiswahili. Halina ushahidi. Yanatajwa kwa jina la Mfalme Gebre Meskel Lalibela wa ukoo wa Zagwe, aliyetawala takriban kuanzia 1181 hadi 1221. Mapokeo yanasema mchana walichonga watu na usiku malaika. Yanasema pia mfalme alitaka Yerusalemu mpya baada ya ile ya asili kutwaliwa na Salahuddin mwaka 1187, na majina kama Golgotha na Yordanos yanaitia nguvu simulizi hiyo. Wachunguzi wa magofu wanaongeza kwamba kazi ilifanyika kwa awamu nyingi. David Phillipson, mtaalamu wa mambo ya kale, ameeleza kwamba Merkorios na Gabriel Rafael huenda yalichongwa karne kadhaa kabla ya Lalibela, si kwa ibada. Mojawapo ya hoja ni mwelekeo: hayakukaa sawasawa kuelekea mashariki kama kanisa linavyotakiwa. Padri Mreno Francisco Álvares, aliyefika Ethiopia miaka ya 1520, alisita kuendelea kuyaeleza akihofia wasomaji wake wasingemwamini.

Sasa niingie kwenye madhara.

Mwamba wa Lalibela ni wa volkano, mwekundu, umejaa vitundu vidogo. Ulaini huo ndio ulioruhusu kuchonga, na huohuo ndio unaokunywa maji. Mvua kubwa za Juni hadi Septemba huulowesha, jua la baadaye huukausha. Ndani yake kuna madini ya udongo yanayovimba yakilowa na kusinyaa yakikauka, kwa hiyo uso wa jiwe hubanduka maganda. Nyufa nazo zilikuwamo mwambani tangu kabla ya kuchongwa. Zikifunguka juu ya paa, maji hushuka hadi dari na kuharibu michoro, kama ile ya Biete Mariam. Sisi husema usipoziba ufa utajenga ukuta. Kwa Lalibela methali hiyo haitoshi, kwa kuwa ukuta ule haujengeki tena.

Wazee waliochonga walilijua tatizo. Walikata mifereji na mitaro ya kuondoa maji katika eneo zima. Mifereji hiyo ikiziba kwa udongo, shimo la kanisa hugeuka kisima.

Tiba za karne ya 20 ziliongeza ugonjwa. Katika miaka ya 1950 baadhi ya mapaa yalipakwa lami na kuta zikapigwa rangi nyekundu. Lami huzuia maji yasiingie kwa juu, lakini huyafungia ndani yale yaliyokwisha kuingia kwa njia nyingine, na yakitafuta pa kutokea huondoka na ngozi ya jiwe. Mwishoni mwa miaka ya 1960 msanifu Mwitaliano Sandro Angelini na wenzake walitumia muda mrefu kubandua kile kilichopakwa kwa nia njema.

Mwaka 2008 yakaja mapaa makubwa ya muda yenye miguu ya chuma, manne, yakifunika makanisa matano, kwa fedha za Umoja wa Ulaya. Yanazuia mvua, hilo halina ubishi. Ila miguu yake inaelemea mwamba uliojaa mahandaki, upepo wa milimani huyasukuma, na jiwe lililozoea unyevu wa msimu linaweza kupasuka likikaushwa moja kwa moja. Wakazi na makasisi wameyalalamikia kwa sauti, na wana haki. Hata hivyo kuyaondoa kabla nyufa za paa hazijatibiwa itakuwa kosa kubwa kuliko kuyaacha msimu mmoja zaidi.

Tiba yenyewe si siri. Unang'oa mimea iliyoota kwenye ufa pamoja na mizizi yake, kwa uangalifu, bila kuupanua ufa. Unasafisha vumbi. Unajaza chokaa nyepesi kuanzia chini kwenda juu ili hewa isibaki ndani. Usoni unamalizia kwa chokaa iliyochanganywa na unga wa jiwe lilelile, ukiacha mteremko wa kuondoa maji. Saruji haifai: ni ngumu kuliko mwamba wenyewe, haipumui, na huleta chumvi. Mafundi waliowahi kugusa kuta za matumbawe za Kilwa Kisiwani au Gedi watalitambua somo hilo mara moja. Biete Gabriel Rafael na Biete Golgotha Mikael yamehudumiwa kwa mkono namna hii, bila kufunikwa kwa mapaa hayo makubwa.

Tusisahau kwamba haya si magofu. Usiku wa Genna, yaani hiyo Krismasi ya Januari, mahujaji maelfu kwa maelfu waliovaa shuka nyeupe hujaa kwenye kingo za mashimo, na makasisi huimba wakiwa wamejipanga juu ya ua wa Biete Mariam. Wengi wamesafiri kwa miguu siku nyingi. Ibada iliendelea hata baada ya mji kupita mikononi mwa majeshi yaliyopigana mwaka 2021. Anayetaka kwenda kutazama usanifu kwa utulivu aende Oktoba au Novemba, mvua ikiwa imekwisha. Avae viatu vinavyovulika haraka, maana kila mlangoni huvuliwa, na achukue tochi kwa ajili ya mahandaki.

Ombi langu ni dogo. Picha yenu ya kila mwaka ni ya Giyorgis, ambalo haliko chini ya paa la chuma, kwa hiyo msomaji hudhani yote yako salama hivyo. Januari ijayo chapeni kando yake picha ya Biete Medhane Alem, kanisa kubwa kuliko yote pale, la urefu wa mita 33 hivi, likiwa chini ya kivuli cha paa lake la chuma. Na chini ya ile ya Giyorgis andikeni: "Limechongwa katika mwamba mmoja, kutoka juu kwenda chini."

Msomaji wenu,
Arusha