Barua ya wazi kwa mdogo wangu aliyewaita majirani Waamaleki

Mdogo wangu mpendwa,

Salamu kutoka kwa mama na kwa wote hapa nyumbani. Nimeona nikuandikie hadharani kwa sababu nawe ulisema hadharani, mbele ya ukoo mzima na mbele ya watoto, siku ile tulipokutana kuzungumzia masale, ile mimea tunayopanda kuonyesha mpaka, yaliyong'olewa kwenye mpaka wa kihamba chetu, shamba letu la ukoo. Ulisimama na Biblia mkononi, ukafungua Kumbukumbu la Torati sura ya 25, ukatangaza kwamba jirani zetu ni Waamaleki, taifa lililowashambulia Israeli waliochoka njiani kutoka Misri, na kwamba hukumu ya Waamaleki, kufutwa chini ya mbingu, ilikwisha kutolewa zamani. Watu wakaitikia amina. Mimi nilinyamaza, na tangu siku hiyo kunyamaza kwangu kunaninyima usingizi.

Sitabishana nawe kuhusu masale, kwa kuwa hata mimi naamini yaling'olewa kwa makusudi. Ninalotaka kusema linahusu andiko. Vita vya Israeli na jirani zake vilikuwa urithi wa Wayahudi kabla havijawa mahubiri yetu, nao wameyasoma maandiko hayo kwa sauti katika masinagogi yao kizazi baada ya kizazi, bila kuthubutu kufuta hata mstari mmoja. Lakini katika kuyasoma walijifunza kuyashika kama mtu mzima anavyoshika panga katikati ya watoto. Wewe umeazima panga, ala yake ukaiacha kwa wenyewe.

Tuanze na ukurasa uleule ulioufungua. Amri ya kukumbuka alichotenda Amaleki inaanza mstari wa 17. Ungerudi nyuma mistari minne tu ungekuta sheria ya sokoni: usiwe na mawe mawili ya kupimia mfukoni mwako, kubwa na dogo. Rashi, mfasiri wa Ufaransa aliyefariki mwaka 1105, ambaye maelezo yake yangali yakichapishwa pamoja na Torati hadi leo, aliona kwamba ujirani wa sheria hizo mbili si wa bahati mbaya, akaandika kwamba ukidanganya katika vipimo, basi uogope uchokozi wa adui. Kwa hiyo msomaji wa Kiyahudi hamfikii Amaleki kabla ya kupita kwenye mizani yake mwenyewe. Je, sisi tulipita? Unaikumbuka zamu ya maji ya mfereji, ile ya kiangazi cha mwaka juzi, ambayo ilikuwa ya kwao nasi tukajifanya tumeisahau. Siku ya kikao hukuitaja, wala mimi sikuitaja.

Talmudi, mkusanyo wa mijadala ya marabi wa kale, inakwenda mbali kuliko Rashi. Katika Mwanzo 36 anatajwa kwa kupita tu mwanamke aitwaye Timna, suria wa Elifazi mwana wa Esau, ambaye ndiye aliyemzaa Amaleki. Marabi walijiuliza mwanamke wa ukoo wa watawala alifuata nini kwenye usuria, na simulizi waliyotuachia inauma. Timna alikwenda kwa Abrahamu, kwa Isaka na kwa Yakobo akiomba apokewe katika watu wao, nao wakamkataa. Akaona ni heri awe mjakazi katika taifa hili kuliko kuwa bibi mkubwa katika taifa jingine, akaenda kwa Elifazi, na mtoto aliyemzaa ndiye aliyekuja kuwatesa Israeli. Marabi wanasema bila kuzunguka kwamba haikuwapasa mababu kumfukuza. Nimesoma na kusikia hadithi nyingi za watu wakieleza asili ya adui yao, na ni nadra mno kukuta zinazoanzia kwenye mlango uliofungwa na babu wa msimulizi mwenyewe.

Kisha yuko Sauli. Ulimtaja kwa haraka kama mfalme aliyepoteza ufalme kwa kumwachia hai Agagi, mfalme wa Waamaleki, na kweli ndivyo 1 Samweli 15 inavyosema. Lakini marabi walimpa Sauli maneno ambayo Biblia haikumpa. Katika Talmudi anaihoji amri ya kuwaangamiza Waamaleki kwa kutumia sheria yenyewe: ikiwa Torati inadai ndama avunjwe shingo kwa ajili ya mtu mmoja tu aliyekutwa ameuawa kondeni, je, nafsi zote hizi? Ikiwa watu wamekosa, wanyama wamekosa nini? Ikiwa wakubwa wamekosa, watoto wamekosa nini? Sauti ya mbinguni inamkemea asiwe mwenye haki kupita kiasi, na hapo anashindwa. Hata hivyo hoja yake haikujibiwa, na iko palepale kwa kila anayefungua kitabu. Baadaye Sauli huyohuyo anapomwamuru mtumishi wake Doegi awaue makuhani wa Nobu, watu 85 kwa siku moja, sauti inarudi na kumwambia asiwe mwovu kupita kiasi.

Kuna jambo moja hasa lililonifanya nishike kalamu. Unaujua wimbo wa Debora katika Waamuzi 5. Wewe mwenyewe umeufundisha kwaya. Sisera, jemadari mwenye magari 900 ya chuma, aliyewaonea Israeli miaka 20, anauawa hemani kwa kigingi mkononi mwa Yaeli. Mwishoni wimbo unahama ghafla hadi dirishani, ambapo mama yake anachungulia na kulia, akiuliza mbona gari la mwanawe linakawia. Wanawake walio naye wanamtuliza kwamba bila shaka vijana wanagawana nyara, msichana mmoja au wawili kwa kila mwanamume. Si mama asiye na hatia huyo. Anajipa moyo kwa mabinti za watu wengine. Na wimbo unamcheka.

Sasa tazama Wayahudi walivyomfanya. Siku ya Mwaka Mpya wao, Rosh Hashana, Torati inawataka wapige baragumu, pembe ya kondoo dume, lakini haisemi mlio wenyewe uweje. Marabi walitafuta wakaona kwamba tafsiri ya Kiaramu inauita mlio huo kwa neno lenye asili moja na lile linaloeleza kilio cha mama yake Sisera dirishani. Wakaanza kubishana juu ya kilio hicho: mmoja akasema alikuwa akipiga kite kwa pumzi ndefu, mwingine akasema alikuwa akilia kwikwi kwa vipande vifupi vifupi. Hadi leo hupigwa milio ya aina zote mbili, na yapo maelezo ya kale yanayoihusisha desturi ya kupiga mara 100 na vilio vya mama huyo. Katika siku yao kuu ya kusimama mbele ya Hakimu, sauti inayopandishwa mbinguni imepimwa kwa kwikwi za mama wa adui, adui aliyestahili kushindwa. Niliposoma hayo nilikifunga kitabu kwanza.

Sikuambii kwamba Wayahudi wote wamesoma hivi. Wapo, wa zamani na wa sasa, waliombandika adui aliye hai jina la Amaleki, na wapo Wayahudi wenzao waliowapinga kwa maandiko hayahayo. Lakini Mishna, mkusanyo wa kale wa sheria za marabi, inasimulia juu ya Yuda Mwamoni, aliyefika kwenye nyumba ya mafunzo kuuliza kama anaweza kuingia katika kusanyiko, ilhali Torati inawakataza Waamoni. Rabi Yoshua alimruhusu kwa sababu Senakeribu mfalme wa Ashuru alikwisha kuyachanganya mataifa yote, hivyo hakuna awezaye kunyoosha kidole na kusema huyu ndiye. Jirani yetu unayemnyooshea kidole, bibi yake na bibi yetu walitoka ukoo mmoja.

Nimalizie na Elisha katika 2 Wafalme 6, kwa kuwa ni nabii umpendaye. Jeshi la Washami lililotumwa kumkamata linajikuta limeingizwa katikati ya Samaria, na mfalme wa Israeli anauliza mara mbili, kama mtoto mbele ya nyama: baba yangu, niwapige? niwapige? Elisha anaagiza wawekewe chakula na maji. Wanaandaliwa karamu, wanakula, wanakwenda zao, na vikosi vya kuvamia havirudi tena. Najua utanionyesha mstari wa 24, ambapo Samaria inazingirwa na mfalme wa Shamu. Ndiyo, upo, na mwandishi hakuuficha, wala hakuifuta karamu kwa ajili yake.

Juzi Jumanne mzee wa upande wa pili alimtuma mjukuu wake na jani la isale, ishara yetu ya kuomba msamaha. Mama alilipokea kwa mikono miwili, akaliweka juu ya kabati, akasema hawezi kujibu peke yake wakati wewe ndiwe uliyesema. Ncha yake imeanza kuwa ya kahawia.

Ni mimi dada yako.