Usafi wa mwisho wa mwezi hautoshi

Mhariri, habari za kazi. Hii ya kusubiri Jumamosi ya mwisho wa mwezi ndo watu watoe mafagio mi naona haisaidii, maana mbu wa dengue toka yai mpaka anaruka ni kama siku 7 hadi 10 tu, sasa mwezi mzima si umeshafuga ukoo hapo uwani? Robo saa kila asubuhi kabla ya kukimbilia daladala inatosha kabisa, vyombo vya jana vioshwe, uwani pafagiwe, maji ya kwenye vifuu na matairi yamwagwe, na ndoo zisuguliwe sio kusuuzwa tu, mayai yananata pembeni. Wanaume nao washike fagio jamani. Na wenye nyumba watuwekee pipa lenye mfuniko, kodi ya miezi sita si wanachukua kwa mkupuo!

Mpangaji, Dar es Salaam