Barua ya wazi kwa mpwa wangu anayetaka kila taifa liwe na dola lake

Mpwa wangu,

Marahaba. Hoja yako kwenye kundi la familia nimeisoma: kwamba mipaka ya wakoloni ndiyo iliyotuponza, na kwamba watu wa lugha moja na asili moja wakipewa dola lao, bunduki zitanyamaza. Mipaka ile siitetei. Ila kabla hujaendelea, itazame Somalia.

Ni nchi chache Afrika zilizoikaribia ndoto yako kiasi hicho. Kisomali, Uislamu, ufugaji, ushairi unaovuka kila mpaka. Julai 1, 1960 sehemu ya Mwingereza na ya Mwitalia zikaungana, bendera ikabeba nyota ya pembe tano: mbili za sehemu hizo, nyingine za Jibuti, Ogaden ya Ethiopia na kaskazini mashariki mwa Kenya. Bendera yenyewe inadai ardhi ya majirani! Mwaka 1964, OAU, Umoja wa Nchi Huru za Afrika, ilipokubaliana Cairo kuheshimu mipaka iliyorithiwa, Somalia ilikataa. Kwetu Kenya ikawa vita vya Shifta, vya Wasomali waliotaka kujiunga na Somalia, na Wasomali wa Garissa na Wajir wakaishi chini ya hali ya hatari hadi 1991. Mwaka 1977 Siad Barre, rais wa Somalia, akaivamia Ogaden. Wasovieti na Wakuba wakasimama na Ethiopia, akashindwa.

Haya, tuseme hayo ni ya majirani. Mwaka 1988 Hargeisa, mji wa kaskazini mwa Somalia, ilipigwa mabomu na ndege za serikali yake yenyewe, nyingine zikiruka kutoka uwanja wa mji huohuo. Aliyerusha na aliyerushiwa walizungumza lugha moja na kuswali kibla kimoja. Januari 1991 Barre akakimbia Mogadishu. Mei, Somaliland, ile sehemu iliyokuwa ya Mwingereza, ikajitangazia uhuru.

Ukabila ulipokosekana, koo zilijaza nafasi. Mpaka viti vya bunge vikaja kugawanywa kwa hesabu ya nne na nusu: koo kubwa nne sawa kwa sawa, waliobaki wote nusu fungu. Ndani ya nusu hiyo wamo Wabantu wa bonde la Juba na watu wa Barawa wanaosema Chimwini, Kiswahili kabisa hicho. Kwenye “taifa moja” walikuwa wapi siku zote?

Na wewe, mama Mdigo, baba Mtaita, umezaliwa Nakuru: pasi yako utaiomba dola gani? Nijibu hapohapo kwenye kundi, wengine wasome.

Msalimie dada.

Mjomba wako