Ndoo kumi za maji ya sola

Kwa Mheshimiwa Waziri wa Kawi,

Tangi la kupasha maji kwa sola lililo juu ya paa langu hapa Limuru limeandikwa "lita 200", basi. Lita 200 za joto gani? Muuzaji nilipomuuliza alinijibu, "Moto kabisa, mzee."

Ndani yake mna koili ya stima inayojiwasha maji yakipoa. Miaka mitatu nimelisifu jua kwa kazi ya tokeni za stima. Februari nikazima swichi, nikaliachia jua siku nzima, na saa kumi na moja jioni nikateka ndoo kumi za lita 20, kila moja nikiitia kipimajoto. Ya kwanza ilikuwa digrii 46, ya mwisho 27, wastani 38. Maji ya bomba yalikuwa 17. Ukipiga hesabu, jua lilitupa joto la karibu yuniti 5 za stima. Kuyafikisha yote digrii 55 kungetaka karibu 9. (Blanketi zote za nyumba zilifuliwa jioni hiyo.) Julai, kwenye ukungu wetu, ndoo ya kwanza ilisoma 29.

Sidai nimevumbua kitu. Kipimo cha kimataifa cha mifumo ya kupasha maji kwa sola, ISO 9459, kimekuwapo tangu miaka ya 1990, na kinafanana na ndoo zangu, ila kwa vyombo vya maana: mfumo mzima unaanikwa nje siku za jua jingi na siku za mawingu, jioni maji yanatolewa mara tatu ya ujazo wa tangi huku joto likirekodiwa, na joto linalopotea usiku linapimwa peke yake. Hilo la usiku ndilo wauzaji hawaligusi kabisa.

Kanuni za Kenya za 2012 za kupasha maji kwa sola zilitaka nyumba zinazotumia zaidi ya lita 100 za maji moto kwa siku zipate asilimia 60 ya joto hilo kutoka kwa jua. Mheshimiwa, asilimia 60 inahesabiwaje kwa tangi lililoandikwa lita tu?

Friji dukani ina kibandiko cha nyota kinachoonyesha inavyotumia stima. Tangi la sola nalo lipewe chake: yuniti kwa siku ya jua, yuniti kwa siku ya mawingu, na digrii zinazopotea hadi alfajiri, zikiwa zimepimwa na maabara isiyouza matangi. Na mojawapo ya siku hizo za mawingu ipimwe huku kwetu, Julai. Paa ninalo, na ngazi ipo.

Wako mtiifu,
Mkaazi wa Limuru