Moyo wa Ufini ulitibiwa jikoni

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako. Kila afya ya Wazungu inaposifiwa, sifa zote huenda kwa mashine na madaktari bingwa. Mimi ni muuguzi Mtanzania hapa Joensuu, makao makuu ya mkoa wa Karelia Kaskazini, Ufini, na mkoa huu una habari nyingine kabisa.

Mwanzoni mwa miaka ya 1970 wanaume wa Ufini walikuwa miongoni mwa waliokufa zaidi duniani kwa ugonjwa wa moyo, na hapa ndipo palipozidi. Walioanguka ni wakata magogo na wakulima, watu wa miraba minne wenye watoto wadogo. Mwaka 1971 wananchi kupitia viongozi wao waliiomba serikali msaada. Mradi wa kupunguza vifo hivyo ulianza 1972 chini ya daktari kijana, Pekka Puska.

Kazi kubwa ilifanyika jikoni. Siagi ilipakwa nene, kahawa ilichemshwa bila kuchujwa, chumvi ilijaa kila chungu. Akina mama wa Martha, chama cha wanawake kinachofundisha mambo ya nyumbani, walipita vijijini wakionyesha namna ya kuongeza mboga na kupunguza mafuta kwenye kitoweo kilekile cha jadi. Vijiji vilishindana kushusha kolesteroli, yale mafuta ya kwenye damu. Wafugaji wa ng'ombe wa maziwa walilalamika, na sishangai, ilikuwa riziki yao. Baada ya miaka 40 hivi, vifo vya moyo kwa wanaume wa umri wa kufanya kazi vilikuwa vimepungua kwa zaidi ya asilimia 80. Dawa zilichangia, hasa baadaye, lakini sehemu kubwa ni chakula, presha na sigara.

Bibi mmoja ninayemhudumia nyumbani kwake huroweka uyoga wa chumvi usiku kucha, asubuhi akamwaga maji na kuroweka tena ndipo aule. Mkate wake mweusi huupaka majarini ya mafuta ya mimea, kisha akapanga matango juu. Hasimamiwi na mtu.

Kinachonikosesha raha ni haya ya sasa. Tangu Januari 2023 huduma za afya zimetoka kwa manispaa, zikakabidhiwa mamlaka 21 za maeneo, Helsinki ikijisimamia. Nyingi zilianza na nakisi, na vituo vya afya vya vijijini vinafungwa. Hospitali haikosi mtetezi bajeti inapobana. Muuguzi wa kinga anayefuata watu vijijini, nani atamsemea?

Waswahili wenzangu mlioko Ufini, aliyekaa hapa miaka miwili anaruhusiwa kupiga kura ya mabaraza ya maeneo haya hata kama si raia. Wagombea wakija, waulizeni hilo la kinga kwanza.

Muuguzi,
Joensuu, Ufini