Mheshimiwa, Bomba Lile Bado Linatema

Kwa Mheshimiwa unayesimamia mazingira ya jiji letu,

Pokea salamu zangu. Mimi ni mama mboga wa Mukuru, Nairobi. Nalima sukuma wiki na terere kando ya Mto Ngong, pale maji yanapotoka Eneo la Viwanda. Msimu wa masika wewe ulitutembelea, ukapanda mti, ukapigwa picha na jembe jipya, ukaapa kwamba mwaka hautaisha kabla bomba lile la majitaka ya kiwanda halijadhibitiwa. Mti ulikauka. Bomba, kwa neema ya Mungu, lina afya njema.

Jumanne usiku lilifunguliwa tena. Mimi humwagilia saa kumi na moja alfajiri, gizani, kwa hiyo sikuona rangi. Kulipopambazuka maji yalikuwa ya kijani kama chupa ya soda, yananuka kama betri iliyopasuka. Saa tatu majani yalikuwa yamejikunja, kitalu kizima. Jioni mteja wangu wa tangu miaka sita iliyopita akaniuliza mbele za watu kama mboga zangu ni za mto. Nikadanganya. Huo uongo ndio ulioniketisha kuandika.

Ni kiwanda gani, sijui. Jirani zangu wanasema ni wale wanaochovya vyuma kwenye kromu. Mimi, kwa ile harufu, nashuku wa betri.

Mpwa wangu anasoma kemia. Ananiambia risasi, ile metali ya kwenye betri (si ya bunduki, ingawa kazi ni ileile), haiozi, na ukichemsha maji, yanayopungua ni maji, yenyewe inabaki. Chujio la kawaida haliizuii kwa kuwa imeyeyuka. Lakini zipo tando, yaani ngozi nyembamba za kuchujia, zilizotiwa vitu vya kuinasa, mathalani kitosani, ambayo hutokana na maganda ya kaa na kamba wa baharini. Maji yanapita, metali inang'ang'ania pale kama matawi ya mchongoma kwenye sweta. Utando ukijaa unaoshwa kwa asidi hafifu, unarudi kazini, na ile metali iliyooshwa inakusanywa, haimwagwi. Nikauliza, unadumu milele? Hapana, huchoka, na mafuta na matope huuziba upesi, ndiyo maana maji lazima yatulizwe kwanza. Basi na uchoke. Hata mimi huchoka, na kesho narudi shambani.

Ila utando huo sharti ufungwe mlangoni mwa kiwanda. Maji yakishachanganyika na kinyesi cha jiji zima, nani atayachuja? Miti yako?

Kanuni za ubora wa maji zinamtaka anayemwaga majitaka awe na leseni na asipite viwango. Tunazo, basi. Wenzetu wa Owino Uhuru kule Mombasa walisumbuliwa na risasi ya kiwanda cha kuyeyusha betri, na mwaka 2020 mahakama ikaamuru walipwe shilingi bilioni 1.3. Ilibidi watoto waugue kwanza. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi kwenye damu kinachojulikana kuwa salama. Wangu wawili wanakula sukuma hizihizi.

Siombi fidia. (Ile mbegu na mbolea, sawa, ningefurahi.) Siombi mto wote usafishwe. Naomba bomba moja. Moja tu, Mheshimiwa, lifungwe utando, lipimwe, na majibu yabandikwe pale darajani tuyasome.

Njoo Jumanne usiku, bila jembe wala kamera. Utanikuta macho.

Wako kwa heshima iliyobaki,
Mama mboga wa ukingoni, Mukuru